Maswali ya Wasomaji: Jirani Akivamiwa, Nani Anapaswa Kwenda?

Tangu askari wa Jumuiya ya Maendeleo ya Nchi za Kusini mwa Afrika, SADC, walipoanza kuondoka Goma mwaka 2025, barua zinazouliza habari za ushirikiano wa kijeshi zimeongezeka katika safu hii, na nyingi zimeandikwa na watu ambao jambo lenyewe limewafikia mlangoni: mama wa askari, wakaazi wa mipakani, askari wastaafu. Nimechagua saba na kuzijibu kwa pamoja, kwa kuwa zinashikana, na jibu la moja husaidia kulielewa swali la nyingine.

Mimi ni mwalimu wa somo la Uraia katika shule ya sekondari. Wanafunzi waliniuliza: Tanzania ikivamiwa leo, je, ipo nchi inayolazimika kisheria kuja kutusaidia? Sikuweza kuwajibu kwa uhakika.
Mwalimu, Newala

Mwalimu wangu, mkataba upo, ila hausemi yale ambayo wengi hudhani unasema. Tarehe 26 Agosti 2003, hapa hapa Dar es Salaam, nchi za SADC zilitia saini Mkataba wa Kulindana, ambao ulianza kutumika mwaka 2008. Kifungu chake cha 6 kinaeleza kwamba shambulio la silaha dhidi ya nchi mwanachama litahesabiwa kuwa tishio kwa amani na usalama wa ukanda, na kwamba litakabiliwa mara moja kwa hatua ya pamoja. Mwanafunzi akiishia hapo atadhani kwamba Lusaka, Luanda na Pretoria zitaleta vifaru siku ya pili. Lakini kifungu hicho hicho kinaongeza kwamba kila nchi itashiriki kwa namna itakayoona inafaa. Kwa hiyo nchi moja yaweza kutuma batalioni, nyingine ikatuma dawa, ya tatu ikatoa tamko la kulaani, na zote tatu zikawa zimetimiza wajibu wao kwa mujibu wa maandishi.

Tusidhani kwamba huu ni udhaifu wa Waafrika peke yao. Mkataba wa NATO wa mwaka 1949, ambao ndio unaotajwa zaidi duniani, nao katika kifungu cha 5 unaiachia kila nchi kuchukua hatua itakayoona ni ya lazima. Kifungu hicho kimetumika mara moja tu, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani. Upande wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tunayo Itifaki ya Ushirikiano katika Mambo ya Ulinzi, iliyosainiwa Arusha mwezi Aprili 2012. Hiyo inahusu zaidi mafunzo, mazoezi ya pamoja, misaada wakati wa maafa na kutembeleana kwa makamanda. Mkataba wa kulindana umetajwa humo kama jambo la kujadiliwa baadaye.

Wasomee wanafunzi wako habari za Kagera. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kutangaza kuitwaa ardhi yetu, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulihimiza usuluhishi na haukumlaani mvamizi. Aliyekuja alikuwa Rais Samora Machel wa Msumbiji, ambaye alituma batalioni ya Msumbiji ipigane pamoja na Jeshi la Wananchi. Alikuja kwa sababu chama chake cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na wapiganaji wake walifundishwa Kongwa na Nachingwea, tena alijua kwa nini vita ile ilimhusu. Upande wa pili, Libya ilimpelekea Amin wanajeshi, nao walipigana katika nchi wasiyoijua kwa ajili ya mtawala aliyekuwa akikimbiwa na askari wake mwenyewe. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979 wakiwa huko. Naamini mifano hii miwili itawafundisha wanafunzi mengi kuliko vifungu nilivyovitaja.

Salaam, mwandishi. Mwanangu wa pili ni askari na aliwahi kupelekwa Msumbiji. Alirudi salama, namshukuru Mungu. Lakini hapa kijijini watu wanasema vijana wetu wanakwenda kufa kwa ajili ya gesi ya Wazungu. Nataka kujua ukweli.
Mama, kijiji cha kando ya Mto Ruvuma, Mtwara

Shikamoo mama. Swali lako linastahili jibu refu, na nitalijibu bila kuficha sehemu isiyopendeza.

Vita ya Cabo Delgado ilianza tarehe 5 Oktoba 2017, vijana wenye silaha waliposhambulia vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia. Wananchi waliwaita Al-Shabab, ingawa si wale wa Somalia, na baadaye walijitangaza kuwa wafuasi wa kundi la Dola la Kiislamu. Mwezi Agosti 2020 waliuteka mji huo. Mwezi Oktoba mwaka huo huo walivuka Ruvuma na kukishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani kwenu, wakaua watu na kuchoma nyumba. Wewe unakijua Kitaya kuliko mimi. Machi 2021 waliuvamia mji wa Palma, karibu na rasi ya Afungi ambako kampuni ya TotalEnergies ya Ufaransa ilikuwa ikijenga mtambo wa gesi wa mabilioni ya dola, na mwezi uliofuata kampuni hiyo ikasimamisha kazi.

Hapo ndipo maneno ya kijijini kwenu yanapopata nguvu, na hayakosi msingi. Kwa miaka mitatu na nusu watu wa Cabo Delgado walikatwa vichwa na kukimbia makwao, na majeshi ya nje hayakuja. Yalikuja miezi michache baada ya Palma. Rwanda ilituma watu 1,000 mwezi Julai 2021, na mwezi huo huo SADC ikatuma kikosi chake kilichojulikana kama SAMIM, kilichokuwa na askari wa Afrika Kusini, Botswana, Lesotho, Tanzania na nchi nyingine. Mama, siwezi kukuambia kwamba gesi haikuwa na uzito katika kuharakisha safari hiyo.

Lakini angalia nani alikaa wapi. Eneo la Palma, Afungi na Mocímboa da Praia walilishika Wanyarwanda, ambao pamoja na jeshi la Msumbiji waliukomboa mji wa Mocímboa tarehe 8 Agosti 2021. Watanzania walipangiwa Nangade, ambayo iko ng'ambo tu ya mto, upande unaotazamana na vijiji vya Mtwara, na huko hakuna mtambo wa gesi. Kuna mihogo na korosho, na njia za miguu ambazo Wamakonde wa pande zote mbili wamezipita tangu kabla ya Wareno na Wajerumani kuchora mpaka. Adui akiachwa Nangade, Kitaya haitalala. SAMIM ilipofunga kazi Julai 2024, kwa sababu ya uhaba wa fedha na kwa sababu SADC ilikwisha kuelekeza nguvu zake Kongo, Tanzania ilibaki huko kwa makubaliano yake yenyewe na Msumbiji. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa sahihi.

Jambo moja zaidi linanisumbua, na nadhani linawahusu ninyi wa mpakani kuliko mtu mwingine yeyote. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lililalamika hadharani kwamba maelfu ya watu wa Msumbiji waliokuwa wamevuka Ruvuma wakiomba hifadhi walirudishwa kupitia Negomano, penye Daraja la Umoja. Naielewa hofu ya maofisa wetu, kwani adui huweza kujichanganya na wakimbizi, na Jeshi la Polisi lilikwisha kusema kwamba baadhi ya waliohusika na mauaji ya Kibiti walikuwa wakielekea huko kusini. Hata hivyo mtu anayekimbia panga ndiye anayejua waliolishika wamepitia wapi, wamelala kwa nani na chakula wanakitoa wapi. Ukimrudisha bila kumsikiliza umepoteza taarifa ambazo ndege ya doria haiwezi kukupa, na umemwambia kwamba ujirani wa miaka ya 1960, tulipowapokea wazazi wake waliokimbia Wareno, umekwisha. Usalama wa mpaka ule unaanza kwa watu kama wewe, mama, na ningependa kuona wazee wa pande zote mbili wakikaa kikao kimoja na makamanda kabla doria haijapangwa.

Kuhusu kufa, ninachoweza kukuambia ni kwamba pale Naliendele, si mbali na mjini Mtwara, wamelala askari wetu waliokufa katika kuikomboa Msumbiji. Wakati ule hakuna aliyekuwa akizungumza habari za gesi.

Mimi ni mkaaji wa Goma. Tuliona Wakenya wanakuja, wakaenda. Tukaona Waafrika Kusini, Wamalawi na Watanzania, nao wakaenda. Mwaka 2013 walishinda. Safari hii ni nini iliyowashinda?
Msomaji, Goma

Ndugu yangu, nimekisoma kikaratasi chako mara kadhaa, na natambua kwamba wewe umeyaona mambo haya kwa macho yako.

Waasi wa M23 waliuteka mji wenu kwa mara ya kwanza tarehe 20 Novemba 2012. Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098, lililounda brigedi maalumu ndani ya MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa ya kulinda amani Kongo. Brigedi hiyo ilikuwa na askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Upya wake ulikuwa katika agizo. Badala ya kulinda tu na kujibu risasi zikija, brigedi iliruhusiwa kuwafuata waasi na kuwavunja nguvu. Tarehe 5 Novemba 2013 M23 walitangaza kuacha vita.

Watu husahau kwamba bunduki hazikufanya kazi peke yao mwaka ule. Nchi za eneo zilikuwa zimetia saini makubaliano ya Addis Ababa mwezi Februari 2013, wafadhili kadhaa walikuwa wamezuia sehemu ya misaada yao kwa Rwanda, na jeshi la Kongo lenyewe lilikuwa mstari wa mbele likiwa na ari ambayo haikuwa ya kawaida. Brigedi ilisukuma mlango ambao tayari ulikuwa umelegezwa komeo.

Sasa linganisha na mwaka 2022. Kongo ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwezi Novemba Wakenya walitua Goma wakiwa sehemu ya kikosi cha Jumuiya. Serikali ya Kinshasa ilitarajia kikosi hicho kiwapige M23, kama brigedi ilivyofanya. Makamanda wa kikosi waliamini wametumwa kusimama katikati, kupokea maeneo ambayo waasi wangeyaachia na kutoa nafasi kwa mazungumzo ya Nairobi. Kila upande ulisoma karatasi ile ile na kuona jambo lake. Tena ndani ya Jumuiya hiyo hiyo kulikuwa na Rwanda, ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti mara kwa mara kwamba wanajeshi wake wako pamoja na M23, nayo ikikanusha. Jeshi la pamoja litampigaje adui ambaye wanachama wake hawajakubaliana ni nani? Kinshasa ilikataa kuongeza muda, na Desemba 2023 wakaondoka.

Mwezi huo huo waliingia askari wa SADC, katika kikosi kilichoitwa SAMIDRC, wakiwa na agizo la kupigana. Walikuwa wachache kuliko mahitaji, hawakuwa na ndege za kutosha, na uwanja wa ndege ambao uhai wao uliutegemea ulikuwa ndani ya mji unaoweza kuzingirwa. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilianguka. Afrika Kusini ilipoteza askari 14 katika mapigano hayo na mazingira yake, na Malawi na Tanzania pia zilizika vijana wao. Tarehe 8 Februari wakuu wa Jumuiya zote mbili walikutana Dar es Salaam kwa pamoja, na tarehe 13 Machi SADC ikafuta agizo la kikosi. Mwishoni mwa Aprili misafara ya kwanza iliondoka kwa barabara kupitia Rwanda hadi Chato, upande wetu. Nilipoziona picha za magari yale nilihisi uchungu. Askari wale hawakukosa ujasiri. Walipelekwa kabla ya wakubwa kumaliza mazungumzo ambayo walipaswa kuyamaliza mezani, na Dar es Salaam ya Februari ilipaswa kutangulia Goma ya Januari kwa angalau miaka miwili.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama kikosi kingine kitakuja kwenu, usianze kwa kuuliza kina askari wangapi. Uliza kama Kinshasa, Kigali, Kampala na Bujumbura zimesaini karatasi moja yenye maana moja.

Nani hulipa gharama za majeshi haya?
Mfanyabiashara, Mwanza

Inategemea kofia. Wakivaa kofia ya bluu, Umoja wa Mataifa huirudishia serikali iliyotuma askari zaidi ya dola 1,400 kwa kila askari kwa mwezi, pamoja na malipo ya vifaa. Fedha hizo huingia serikalini, na kila nchi ina utaratibu wake wa kumlipa askari. Wakienda kwa jina la SADC, nchi wanachama hujichangia, na hapo ndipo shida huanza. Umoja wa Ulaya uliipa SAMIM euro milioni 15 mwaka 2022, na ukaipa Rwanda, kwa shughuli zake za Cabo Delgado, milioni 20 mwaka huo huo na milioni 20 nyingine mwaka 2024. Desemba 2023 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2719, linaloruhusu misheni za Umoja wa Afrika zilipiwe hadi asilimia 75 kutoka michango ya lazima ya Umoja wa Mataifa, lakini kila misheni sharti iidhinishwe peke yake, na misheni ya Somalia imeendelea kuhangaika kupata fedha. Wewe ni mfanyabiashara na unajua kwamba anayelipia mafuta ya gari huwa na neno kuhusu gari linakokwenda.

Nanyuki tumeishi na wanajeshi wa Uingereza miaka mingi. Wanaleta kazi, lakini pia wameleta misiba. Mgeni akimuua mwenyeji, ahukumiwe na nani?
Msomaji, Nanyuki

Dada au kaka yangu, kwani hukujitambulisha, hili ndilo swali ambalo serikali nyingi hupenda libaki katika kurasa za mwisho za mkataba. Jeshi la nchi moja likikaa katika nchi nyingine, huwepo makubaliano yanayoeleza askari wake watashtakiwa wapi. Kawaida iliyozoeleka ni kwamba kosa lililotendwa kazini, au baina ya wageni wenyewe, huachiwa nchi yao, na kosa dhidi ya raia nje ya kazi huwa la mahakama za mwenyeji. Ugumu uko katika kuamua ni lipi la kazini, na ni nani anayetoa uamuzi huo.

Kenya na Uingereza zilisaini mkataba mpya wa ushirikiano wa ulinzi mwaka 2021. Ulipofika bungeni Nairobi, wabunge walikumbuka kifo cha mama kijana wa Nanyuki aliyeuawa mwaka 2012, ambacho kwa miaka mingi hakikumfikisha mtu yeyote kizimbani, na mwaka 2023 walishinikiza mkataba huo urekebishwe ili mauaji yaweze kuhukumiwa Kenya. Mwezi Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hati ya kukamatwa kwa raia wa Uingereza katika kesi hiyo. Miaka 13 ni mingi mno kwa mtoto aliyekua bila mama.

Sisemi kwamba mafunzo ya Nanyuki hayana faida. Kenya ina vita na Al-Shabab tangu ilipovuka mpaka wa Somalia Oktoba 2011, na jeshi lake limejifunza mambo kutoka kwa Waingereza na Wamarekani yaliyookoa maisha Lamu na Garissa. Ninachosema ni kwamba mkataba wa ulinzi ambao haumlindi mwenyeji dhidi ya mgeni wake umepungukiwa na kifungu chake cha kwanza. Wabunge wa nchi zetu zote wangefaa kuusoma mjadala wa Nairobi kabla ya kupiga kura juu ya mkataba wowote wa aina hiyo.

Nilistaafu nikiwa Koplo. Enzi zetu tulifundishwa na Wachina, na silaha zilikuwa za upande mmoja. Leo vijana wanakwenda China, India, Marekani na Uingereza. Je, huku si kuchanganya?
Mstaafu, Tabora

Mzee wangu, shikamoo. Wewe na wenzako ndio mlioijenga nyumba hii, na naomba nikukumbushe jinsi msingi ulivyowekwa, kwa sababu hata wakati ule tulichanganya, tena kwa makusudi.

Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles walipoasi, Mwalimu Nyerere alilazimika kuwaita Waingereza, na makomando wao walitua Dar es Salaam tarehe 25. Aliona ni fedheha kwa nchi iliyokuwa na miaka miwili tu ya uhuru, na alisema hivyo waziwazi mbele ya viongozi wenzake wa Afrika. Hakuishia kulalamika, bali aliomba jeshi la Kiafrika lije kuchukua nafasi yao, na Nigeria ikatuma batalioni iliyolinda nchi hadi Jeshi la Wananchi lilipoundwa tarehe 1 Septemba 1964. Nadhani Watanzania wachache wa leo wanajua kwamba kuna miezi ambayo tulilindwa na Wanigeria.

Mwaka uliofuata tulipata funzo la pili. Ujerumani Magharibi ilikuwa ikitusaidia kuanzisha kikosi cha anga. Baada ya Muungano, Ujerumani Mashariki iliruhusiwa kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam, na serikali ya Ujerumani Magharibi ilipokasirika na kuondoa msaada wake wa kijeshi, Mwalimu aliwaambia waondoe na misaada mingine. Kanada ikaja kufundisha hadi mwaka 1970, na Wachina wakawa wanafundisha wakati huo huo. Hiyo ndiyo shule uliyopitia, mzee wangu: kutomruhusu rafiki mmoja atuchagulie marafiki wengine.

Gharama yake ipo, nawe unaijua kuliko mimi. Silaha za nchi tano zinahitaji vipuri vya nchi tano, risasi za vipimo mbalimbali na mafundi waliosoma vitabu vya lugha mbalimbali. Maofisa waliofundishwa sehemu tofauti huandika amri kwa mtindo tofauti. Ndiyo maana Chuo cha Taifa cha Ulinzi cha Kunduchi na chuo cha Monduli ni muhimu, kwa kuwa aliyetoka nje hurudi humo kusawazishwa na wenzake. Mwaka 2024 China, Tanzania na Msumbiji zilifanya zoezi la pamoja hapa nchini lililoitwa Amani Umoja, na mimi lilinivutia kwa sababu nchi ya tatu haikuwa mtazamaji. Askari wa Msumbiji na wa Tanzania waliofanya zoezi lile ndio wanaoweza kukutana Nangade kesho. Mafunzo yanayomkutanisha kijana wetu na jirani atakayepigana naye bega kwa bega nayathamini kuliko yanayomkutanisha na mfadhili peke yake.

Majeshi ya Afrika Mashariki yakifanya mazoezi hutumia lugha gani? Nasikia jina la zoezi ni la Kiswahili lakini amri ni za Kiingereza.
Mwanafunzi, Bujumbura

Umesikia sawa, mwanangu. Zoezi la Jumuiya huitwa Ushirikiano Imara na huhamia nchi moja baada ya nyingine, lakini ramani, amri za maandishi na mikutano ya makamanda ni ya Kiingereza, na kwa maofisa wa Burundi na Kongo waliosoma kwa Kifaransa huo ni mzigo. SADC iliamua kukifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne Agosti 2019, lakini uamuzi huo haujafika ipasavyo katika redio za vikosi. Zamani jeshi la kikoloni la King's African Rifles liliwaagiza askari wake kwa Kiswahili, nao walikwenda nacho hadi Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba lugha hii haina maneno ya kwata, doria, lindo au kombania.

Tazama pia Cabo Delgado. Wanyarwanda walipoingia Mocímboa da Praia hawakujua Kireno, na wengi wa wenyeji wa pwani ile, Wamwani na Wamakonde, hawajui Kiingereza. Waliongea Kiswahili sokoni, misikitini na katika vizuizi vya barabarani, na mwenye duka aliyeulizwa kwa lugha anayoielewa kama ameona wageni alijibu. Kama unakusudia kujiunga na jeshi la nchi yako, endelea na Kifaransa chako, jifunze na Kiingereza, lakini Kiswahili chako kinoe kwanza, kwa kuwa hicho ndicho utakachokitumia siku utakapomwuliza mama wa kijijini njia iliyo salama.